Segle: nafaka ya maskini, na kazi ya mama anayechagua punje

Juma hili tunapenda kuzungumza nanyi juu ya nafaka ambayo sisi hapa hatuilimi. Haiko sokoni kwetu, haiko shambani, na bukari yake hatujaionja. Kwa Kifaransa inaitwa seigle. Sisi tutaandika segle. Ni ndugu wa ngano na shayiri, na kwao ni nchi za baridi za Ulaya.

Mtu anaweza kuuliza: yatuhusu nini sisi tunaokula mahindi, muhogo na mtama? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, dawa moja ambayo mama wengi wa Kongo wamedungwa maternite baada ya kuzaa ilitoka katika nafaka hii. Pili, historia ya segle ni historia ya akina mama maskini waliokuwa na chakula kidogo, na chakula hicho kidogo wakati mwingine kilikuwa na sumu ndani yake. Kilichowaokoa au kuwaangamiza mara nyingi kilikuwa kazi ndogo ambayo hakuna anayeihesabu: kuchagua punje kabla ya kusaga.

Gugu lililogeuka chakula

Mama anayelima mpunga anajua kwamba kuna majani yanayoota kati ya mpunga na kufanana nao sana. Ukipalilia bila kuangalia vizuri, unayaacha. Na siku ya kuvuna, mbegu zake zinaingia gunia moja na mpunga. Segle ilianza hivyo hivyo. Ndugu zake wa porini wanaota katika nchi ya Uturuki na nchi za jirani, kule ambako watu wa kale walilima ngano na shayiri. Ilikuwa gugu katika mashamba hayo. Watu hawakuipanda kwa kupenda. Waliivuna pamoja na ngano kwa sababu hawakuweza kuitenga.

Baadaye wakulima walihamia upande wa kaskazini na milimani, kwenye baridi na udongo maskini. Huko ngano ilianza kushindwa, lakini lile gugu lilisimama. Mwaka baada ya mwaka, gunia la mbegu likawa na ngano kidogo na segle nyingi, mpaka mkulima akakubali na kusema: basi, hii ndiyo inayotulisha. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, ndiye aliyeeleza jambo hilo vizuri mwanzoni mwa karne ya 20.

Segle inavumilia baridi kuliko nafaka nyingine zote kubwa. Inapandwa mwezi wa 9, inaota kidogo, kisha inalala miezi yote ya baridi chini ya theluji, ile barafu laini inayofunika ardhi, kama ile iliyo juu ya mlima Ruwenzori. Baridi ikiisha inaamka, inapanda hadi kufikia kimo cha mtu, na inavunwa mwezi wa 7 au wa 8. Inakubali udongo wa mchanga na udongo wenye uchachu, ambako ngano inanyauka.

Lakini watu wenye mali hawakuiheshimu. Mwandishi Mroma Plinius, aliyeishi karne ya 1, aliisema vibaya: kwake ilikuwa chakula cha kuzuia njaa tu, na ladha yake ilikuwa chungu. Sisi pia tunajua maneno ya namna hiyo. Ni mara ngapi tumesikia kwamba ulezi na mtama ni chakula cha wazee wa kijijini, na mkate mweupe ndio chakula cha watu wa maana?

Mkate mweusi

Katika Ujerumani, Poland, Urusi, Finland na nchi nyingine za kaskazini na mashariki ya Ulaya, kwa mamia ya miaka mkate wa watu wa kawaida ulikuwa mkate wa segle. Ni mkate mweusi, mzito, wenye uchachu. Mkate mweupe wa ngano ulikuwa wa tajiri.

Kuupika kunataka ujuzi. Unga wa segle hauvutiki kama unga wa ngano, kwa hiyo mkate hauumuki kwa urahisi. Ukiupika bila kuuchachusha, ndani unabaki kama gundi. Kwa sababu hiyo mama wa kule aliacha donge dogo la jana ndani ya beseni ya mti. Siku ya kupika, aliongeza maji na unga, akaacha usiku mzima, na uchachu ule ukaufanya mkate uive vizuri na ukae siku nyingi bila kuharibika. Sisi tunaoloweka muhogo tunaelewa: chakula kinafanya kazi chenyewe usiku, lakini mtu lazima ajue saa ya kukiacha na saa ya kukitoa.

Kila nchi ilikuwa na namna yake. Katika upande wa magharibi wa Finland, mama walipika mara chache tu kwa mwaka. Walitengeneza mikate ya duara yenye tundu katikati, wakaipitisha kwenye fito ndefu chini ya dari, na jamaa ikala mikate hiyo mikavu miezi mingi. Mwaka 2017, Finland ilipotimiza miaka 100 ya uhuru wake, wananchi walipiga kura kuchagua chakula cha taifa, na mkate wa segle ndio ulioshinda. Katika jimbo la Westphalia, Ujerumani, kuna mkate unaoitwa pumpernickel, unaokaa katika tanuru yenye moto mdogo kwa saa 16 na zaidi. Urusi, vipande vya mkate mweusi uliokauka vinalowekwa ili kupata kinywaji chenye uchachu kidogo, kvass, ambacho hata watoto wanakunywa.

Matumizi mengine ni mengi. Segle inatengenezwa vodka ya Poland na wiski ya Marekani na ya Kanada. Inalisha ng'ombe na nguruwe. Majani yake marefu yaliezekea nyumba na kujaza magodoro. Wakulima wanaipanda pia ili kufunika udongo usichukuliwe na mvua. Na wataalamu wameiunganisha na ngano wakapata nafaka mpya inayoitwa triticale. Siku hizi dunia inavuna segle kati ya tani milioni 10 na 15 kwa mwaka, na ngano inapita tani milioni 750. Segle imekuwa ndogo, lakini haijafa.

Gramu 125

Thamani ya mkate huu ilionekana siku za vita. Tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka 1941, jeshi la Ujerumani liliuzunguka mji wa Leningrad katika Urusi, na mji ukafungwa kwa karibu miezi 29. Kuanzia tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka ule, mtoto au mtu asiyefanya kazi ya kiwanda alipewa gramu 125 za mkate kwa siku. Ilikuwa karibu chakula chote cha siku. Nao mkate wenyewe ulikuwa unga wa segle uliochanganywa na makapi na unga wa miti. Mamia ya maelfu ya watu walikufa kwa njaa.

Katika mji huo kulikuwa nyumba kubwa ya mbegu iliyokusanywa na Vavilov na wenzake kutoka pande zote za dunia. Wafanyakazi kadhaa wa nyumba hiyo walikufa kwa njaa huku magunia ya mchele na nafaka yakiwa mbele yao. Walikataa kula mbegu za kesho. Vavilov mwenyewe hakuwa nao. Serikali yake ilikuwa imemfunga, na mwaka 1943 alikufa gerezani Saratov kwa sababu ya njaa, yeye aliyetumia maisha yake kutafuta chakula cha wengine.

Pembe nyeusi katika suke

Sasa tufike kwenye jambo zito. Mwaka wenye baridi na mvua nyingi wakati segle inachanua maua, kuna kuvu kidogo kinachoingia katika maua hayo. Mahali ambapo punje ilipaswa kukaa, panatokea kitu kirefu, kigumu, cheusi kama zambarau iliyoiva sana, kilichopinda kama pembe. Wafaransa wanakiita ergot, maana yake kipi, ule ukucha wa nyuma katika mguu wa jogoo. Segle inashikwa kuliko nafaka nyingine kwa sababu maua yake yanafunguka wazi kungoja upepo ulete chavua.

Pembe hiyo ni sumu. Mtu aliyeila siku nyingi katika mkate alianza kusikia wadudu wanatembea chini ya ngozi. Kisha mikono na miguu iliwaka kama moto. Mishipa ya damu ilijibana, damu haikufika kwenye vidole, vidole vikawa vyeusi, vikakauka, na vingine vilikatika bila kutoa damu. Wengine walipata degedege na kuchanganyikiwa akili. Mama wajawazito walitoa mimba. Mama wanaonyonyesha, maziwa yao yalikauka.

Watu waliuita ugonjwa huo moto mtakatifu, na baadaye moto wa Mtakatifu Antoni. Katika mwaka 994, kusini-magharibi ya Ufaransa, waandishi wa zamani walihesabu wafu kwa makumi ya maelfu. Karibu na mwaka 1095 lilianzishwa shirika la mabruda wa Mtakatifu Antoni, nao walijenga hospitali nyingi za kupokea wagonjwa hao. Waliwaosha vidonda, waliwakata viungo vilivyokufa, na waliwapa mkate safi. Huenda mkate huo ndio uliokuwa dawa kubwa kuliko zote, kwa sababu mgonjwa aliacha kula ule wa nyumbani.

Kwa nini maskini waliugua zaidi? Tajiri alikula ngano. Halafu fikirini mwezi wa mwisho kabla ya mavuno. Ghala ni tupu, watoto wanalia. Segle mpya inaingia nyumbani leo, na leo hiyo hiyo inasagwa. Pembe zikiwa mpya, sumu yake ni kali zaidi. Mama anaona punje nyeusi, lakini akizitoa zote mkate unapungua. Wahenga walisema: mwenye njaa hana miiko. Hatuwezi kumhukumu mama huyo. Alikuwa anachagua kati ya njaa anayoijua na ugonjwa ambao hakuna aliyemweleza unatoka wapi.

Na kweli, kuelezwa kulichelewa sana. Watu walisema ni adhabu ya Mungu, wengine walisema ni uchawi. Mwaka 1676 daktari Denis Dodart aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Paris kwamba ugonjwa unatoka katika segle yenye pembe. Lakini ni mwaka 1853 tu ambapo Mfaransa mwingine, Louis René Tulasne, alionyesha kwamba pembe hiyo ni kuvu chenye maisha yake. Tangu hapo watu walijua la kufanya: kupanda mbegu safi, kubadilisha mazao shambani, kulima chini ili pembe zilizoanguka zizikwe, na kutumbukiza punje katika maji yenye chumvi nyingi, maana pembe zinaelea na punje nzuri zinazama. Mashine za kusafisha nafaka zilimaliza sehemu kubwa ya kazi iliyobaki.

Msifikiri kwamba ni habari ya Ulaya ya zamani tu. Katika Ethiopia, miaka ya 1977 na 1978 huko Wollo, na tena mwaka 2001 huko Arsi, watu walikatika vidole na miguu, na wengine wakafa, kwa sababu ya nafaka iliyochanganyika na pembe hizo. Haikuwa segle, lakini kuvu ni cha jamaa hiyo hiyo.

Kutoka sumu hadi dawa ya maternite

Wakunga wa Ulaya walikuwa wameona jambo ambalo madaktari hawakuliona. Ikiwa pembe hiyo inatoa mimba, maana yake inakaza tumbo la uzazi. Mwaka 1582, Mjerumani Adam Lonicer aliandika kwamba wanawake wanaitumia kuleta uchungu wa kuzaa. Mwaka 1808 daktari John Stearns wa Marekani aliwasifia madaktari wenzake unga wa pembe hizo kwa kuharakisha kuzaa.

Furaha haikudumu. Baadaye, daktari mwingine wa Marekani, David Hosack, aliona watoto wengi wanazaliwa wafu pale unga huo unapotumiwa. Sababu ni hii. Uchungu wa kawaida unakuja na kuondoka. Ukiondoka, mtoto anapata hewa kupitia damu ya mama. Dawa ya pembe inakaza tumbo bila kuliachia. Mtoto anakosa hewa, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka. Hosack alisema itumiwe kwa jambo moja tu: kuzuia damu baada ya mtoto kutoka.

Hapo ndipo sumu ikawa mwokozi. Mtoto na kondo la nyuma wakiisha kutoka, tumbo la uzazi likilegea, mama anaweza kumaliza damu yake kwa muda mfupi. Tumbo likikazwa, mishipa inabanwa na damu inasimama. Mwaka 1935, huko London, daktari John Chassar Moir na mkemia Harold Dudley walitenga kile kitu chenyewe kinachofanya kazi, kikaitwa ergometrini. Baadaye Arthur Stoll na Albert Hofmann, huko Basel katika Uswisi, walitengeneza ndugu yake. Ndiyo ile ambayo waganga wetu wanaiita Methergin.

Mambo matatu tuyashike juu ya dawa hiyo. La kwanza, haitolewi kamwe mtoto akiwa bado tumboni. La pili, haimfai mama mwenye ugonjwa wa damu kupanda, kwa hiyo mama amwambie muganga mapema ikiwa ana ugonjwa huo. La tatu, inaharibika kwa joto na kwa mwanga. Inataka baridi na giza. Siku hizi dawa inayowekwa mbele ni ositosini, na hii ya segle inafuata pale inapofaa.

Historia hii inatufundisha pia juu ya dawa za miti za kuharakisha uchungu, ambazo wengine wananyweshwa nyumbani. Mti unaokaza tumbo haujui saa ya kuachia. Mama akiwa katika uchungu mrefu, njia ni maternite, si kikombe.

Na sisi nyumbani?

Sisi hatuna pembe za segle. Lakini tuna ndugu zake. Mahindi na karanga zisizokauka vizuri zinaota ukungu, na ukungu fulani unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo haifi kwa kupika, na inaharibu ini pole pole. Ikiwa nyingi, inaua haraka: mwaka 2004 mashariki ya Kenya, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye ukungu.

Tuna pia muhogo mchungu. Ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya watoto na ya mama kwa ghafla na kuwaacha vilema, ulielezwa mara ya kwanza na daktari Trolli mwaka 1938 kwa upande wa Kwango, na umeonekana hata Kivu ya Kusini. Jina lenyewe, kwa Kiyaka, ni miguu iliyofungwa. Unatoka katika muhogo mchungu ulioharakishwa, wakati hakuna nyama, samaki wala maharage ya kuusaidia mwili. Unakuja mwaka wa ukame au wa vita, ule mwaka mama hana siku tatu za kungoja. Ndiyo ile hadithi ya segle tena.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

Tukaushe mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, na magunia tuyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Tuchague punje mchana, penye mwanga. Yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyosinyaa, tuitoe. Tusiifanye pombe, tusiwape kuku. Karanga chungu mdomoni, tuiteme.

Muhogo mchungu tuuloweke siku tatu au zaidi, tumwage maji yake. Ikiwa unga umekwisha kusagwa na tuna mashaka, tuuchanganye na maji, tuutandaze mwembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ndipo tusonge bukari siku hiyo hiyo.

Kazi ya kuchagua tusimwachie mama mmoja aliyechoka, usiku, peke yake. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, wanaweza kujifunza. Shuleni tunaona kwamba mtoto wa miaka 8 ana macho makali kuliko sisi.

Na vikundi vyetu vinaweza kununua turubai moja la wote, na kuweka akiba ndogo ya chakula kwa mwezi ule wa njaa kabla ya mavuno. Mama mwenye akiba ya majuma mawili ana nafasi ya kungoja, na ana nafasi ya kutupa punje mbaya. Asiye na akiba hana.

Maswali kwa kikundi

1. Ni mwezi gani kwetu ambapo chakula kinapungua zaidi, na tunaharakisha nini katika mwezi huo?
2. Nani anachagua punje nyumbani kwako, na saa ngapi?
3. Je, mama wajawazito wa kikundi chetu wanajua kama wana ugonjwa wa damu kupanda?
4. Turubai la kikundi litakuwa la bei gani, na kila mmoja atachangia kiasi gani?

Mtu mmoja aandike majibu, ili juma lijalo tuanze na lile la nne.